Shingo ya Nasri

Siku ya arobaini ya bibi yetu, nyumbani Nanyamba, mimi ndiye niliyekabidhiwa upawa wa pilau. Sikupenda, kwa sababu anayepakua chakula huangaliwa na kila mtu, lakini shangazi zangu walisema mkono wangu hauna upendeleo. Wanaume walikuwa uani wakila kwenye masinia. Kijana mmoja akaingia jikoni na sahani yake mwenyewe, kitu ambacho kwetu si kawaida. Alikuwa mrefu kunishinda, mnene, na shati amelifunga vifungo vyote mpaka kooni katika joto lile. "Mamdogo," akasema, "upawa mmoja tu. Kachumbari weka nyingi." Nilimtazama, nisimtambue. "Usinishangae. Ni Nasri." Nikampakulia upawa mmoja, kisha mkono wangu ukarudi kwenye sufuria wenyewe, ukachota wa pili. Akafunika sahani kwa kiganja. "Nimesema mmoja, Mamdogo," akasema, na akacheka ili nisione aibu.

Alikwenda nyuma ya jiko, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akatoa mkobani mashine ndogo ya kupimia sukari. Watoto wakamzunguka. "Kaka, hilo gemu gani?" "Gemu la kuchomwa sindano. Nani anaanza?" Wakatawanyika kama kuku. Alijichoma kidole, akasubiri, akasoma namba, ndipo akala. Pale jikoni mama yake, Dada Somoe, alikuwa akikata vitunguu na wanawake wengine. Mmoja akamuuliza, "Sukari? Kwa mtoto wa miaka kumi na mitano? Si ugonjwa wa wazee huo?" Dada akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Hata mimi nilidhani wa wazee. Wallahi tena, hakuna hata mtu mmoja aliyetuambia mapema." Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, upawa mkononi, na niliyasikia maneno yale yote.

Naandika haya kwa sababu ya maneno hayo. Niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole; sentensi moja naweza kukaa nayo tangu chai mpaka chakula cha mchana. Lakini kwa kuandika naweza kusema kitu bila mtu kunitazama usoni, na mimi tangu mdogo ndivyo nilivyo. Mgeni akibisha hodi, nilikuwa nikiingia chini ya kitanda. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka kumi na mitano, sawa na Nasri leo. Nilikuwa nimemaliza shule na sikuchaguliwa kuendelea. Dada Somoe, mkubwa wangu wa tumbo moja, akanichukua kwake Mtawanya, pembeni mwa mji wa Mtwara, nikae na mwanawe, na mwaka ukiisha anipeleke kujifunza cherehani. Cherehani ndiyo niliyoitaka kuliko kitu chochote. Fundi cherehani huinamisha kichwa kutwa nzima na hakuna anayemwona ana kiburi.

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa duka. Ukitoka sebuleni unasukuma pazia la shanga, na hapo hapo unakutana na biskuti, pipi za mti, juisi za pakiti zilizopangwa kama matofali, na friji la soda lililokuwa likinguruma mchana kutwa. Shemeji alikuwa dereva wa lori, anabeba korosho kuzipeleka bandarini, na kila akirudi alikuja na kitu: keki, chokoleti, kuku wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti. Nasri alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza, mashavu yamejaa, na mikono ina mikunjo kifundoni kama ya mtoto mchanga. Alinipenda siku ile ile, kwa sababu sikumbana shavu kama wageni wengine wote.

Jioni ya kwanza Dada alinipeleka chumbani kwake, akafungua sanduku, akatoa kadi mbili za kliniki. Ya kwanza ilikuwa ya Hamisi, mtoto wake wa kwanza, ambaye sikuwahi kumfahamu. Vidoti vya uzito wake vilipanda kidogo, vikalala, kisha vikashuka, na baada ya hapo karatasi ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa ya Nasri, na vidoti vyake vilipanda mpaka vikapita mistari yote. "Unaona hii iliyoshuka?" Dada aliniuliza. "Walisema namnyima. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka wa msiba wa mwanangu akawaambia watu mimi najua kula mwenyewe. Esha mdogo wangu, sikuombi kitu kingine. Huyu asishuke." Nikasema, "Sawa, Dada." Naona hata leo kwamba hakuna jibu lingine ambalo mtu angeweza kumpa mwanamke aliyeshika kadi ile.

Basi nikamlisha. Asubuhi chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, na chapati mbili za mafuta. Akienda shule anabeba juisi na biskuti kutoka dukani. Mchana wali wa nazi. Ugali wa muhogo tuliokula sisi hakuutaka, na Dada alisema asilazimishwe chakula cha shida. Saa kumi uji wa karanga na korosho zilizotwangwa, mzito mpaka kijiko kinasimama. Usiku chipsi mayai kutoka kwa jirani, na soda. Matunda tulikuwa nayo, mapapai yakiiva yanaanguka yenyewe nyuma ya choo, lakini hayo tuliwapa kuku, maana nani ampe mtoto wa mwenye duka papai? Aliposhiba nilitumia mbinu ambayo mama yetu alitulishia sisi. Kila kijiko nilikipa jina. "Hiki cha mama. Hiki cha baba. Hiki cha bibi wa Nanyamba." Ukikataa kijiko umemkataa mwenye jina, na Nasri alikuwa na moyo laini, hakutaka kumkataa mtu. Cha mwisho kilikuwa cha kaka yake Hamisi. Hicho alikimeza hata kama machozi yanamtoka.

Nje hakutoka sana. Barabara ilikuwa na bodaboda na vumbi, na uwanja wa mpira ulikuwa upande wa pili. Nilimvusha siku chache za mwanzo. Wenzake walimweka golini. "Bonge, ziba goli! We simama tu, hatutafungwa!" Alicheka nao. Lakini akikimbia mara mbili tu anashika magoti na kuhema, na wale watoto wakaanza wimbo, "Bonge la duka, anakula mpaka mizani." Siku Dada alipousikia alitoka na mwiko, akawafukuza mpaka kwao. Tangu hapo Nasri akitoka shule hukaa sebuleni na simu ya mama yake akitazama katuni, na miguu yake ikining'inia kwenye kochi. Akisinzia pale mchana alikoroma kama mtu mzima aliyetoka kupiga zege. Shemeji alipita akimwangalia na kucheka, "Sikiliza injini ya baba."

Alikuwepo jirani mmoja, Mama Shani, aliyetuuzia chipsi, mwanamke wa maneno yasiyozunguka. Siku moja akasema pale dukani, mbele ya wateja, "Somoe, huyu mtoto anatanuka. Mimi nauza, sikatai, lakini mpunguzie. Kila siku chipsi?" Dada alifunga dirisha la duka, akaingia ndani, akafukiza ubani vyumba vyote, mpaka chini ya kochi. "Kijicho!" akasema. "Wa kwake wamekauka kama vijiti vya mshikaki, sasa jicho kalileta kwangu. Mtu akiniambia mwanangu amenenepa, huyo anataka akonde, na mimi najua kukonda kunaishia wapi." Kuanzia siku ile hawakusalimiana, chipsi tukawa tunakaanga wenyewe, na mimi nikajua kinachompata mtu anayesema.

Shingo niliiona kwanza mimi, kisha Dada. Kulikuwa na utepe mweusi nyuma ya shingo ya Nasri, kwenye mikunjo, mweusi kuliko ngozi yake na mnene kidogo kama kitambaa cha mahameli. Dada alimgeuza mwanawe kuelekea dirishani. "Esha, humwogeshi huyu? Tazama ukoko wa uchafu! Watu watasema mtoto wa Somoe hana maji." Nilisikia uso ukiwaka. Jioni ile nilimsimamisha kwenye beseni uani, nikachukua dodoki na sabuni ya mche, nikasugua. Haukutoka. Kesho yake nikaongeza ndimu na chumvi. Haukutoka. Siku ya tatu nikachukua jiwe la kusugulia visigino. Nasri alishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. "Mamdogo, inauma. Si uchafu, Mamdogo. Mbona hautoki?" Nikamwambia, "Tulia, unakaribia kutoka." Mtoto wa miaka saba alikuwa ameshajua kwamba si uchafu. Mimi niliendelea wiki nzima, mpaka ngozi ikachubuka na kola ya shati la shule ikawa na madoa ya damu, ambayo niliyafua kabla Dada hajayaona.

Wiki hiyo hiyo manesi wa kituo cha afya walikwenda shuleni kugawa dawa za minyoo, na kila mtoto alitakiwa awe amekula, kwa hiyo Dada alinituma na bakuli la wali. Nilikuta Nasri yuko kwenye foleni. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpa kidonge, kisha akamvuta kola na kutazama. "Nani anamsugua huyu?" Watoto wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inifiche. Nikasogea nikiangalia viatu vyake, nikisubiri aniambie mchafu. Badala yake alinishika bega, akanipeleka pembeni chini ya varanda ya darasa. "Mdogo wangu, usimsugue tena. Huu si uchafu. Mtoto amezidi uzito, na mwili wake unashindwa kuituliza sukari. Ngozi ndiyo inatangulia kusema. Hajaugua bado. Unanisikia? Bado ni mapema. Mwambie mama yake amlete kituoni tumpime. Soda na juisi acheni, mpeni maji. Ale mnachokula nyinyi. Na mwacheni acheze, atoke jasho kila siku." Nikaitikia kwa kichwa. "Sema nisikie," akasema. Nikasema kwa sauti ya chini, "Amlete kituoni." "Enhee. Usisahau."

Sikusahau. Njia nzima nilikuwa nikipanga sentensi moja: Dada, nesi amesema umpeleke Nasri kituoni apimwe, uzito umezidi. Niliisema kwa mti wa mkorosho wa kwanza, na wa pili. Nikaisema vizuri. Nilipofika, Dada alikuwa akihesabu katoni za juisi, na Nasri, aliyerudi pamoja nami, akanitangulia. "Mama, nesi kanitazama shingo!" Dada akainua kichwa haraka. "Amesemaje?" Nikaona dirisha la duka likifungwa. Nikaona ubani, na mimi na begi langu nikirudishwa Nanyamba bila cherehani, na watu wakisema Esha alimwonea jicho mtoto wa dada yake. Nikafungua mdomo. "Amesema nisimsugue tena. Apakwe mafuta." Dada akapumua. "Mafuta tu?" "Ndiyo, Dada."

Hapo ndipo nilipokosea, na nilihitaji uongo wa neno moja tu. Lile la kutomsugua nesi alilisema kweli. Mafuta niliyaongeza mimi ili jibu lipate mwisho. Tangu siku hiyo nilimpaka Nasri mafuta ya nazi shingoni asubuhi na jioni. Ule weusi ukawa unang'aa. Vidonda vilipona, na yeye akaniona mimi ndiye niliyemwokoa na jiwe. Alinikumbatia kiunoni akasema, "Mamdogo, wewe ni daktari wangu." Nimesahau mengi ya mwaka ule, lakini uzito wa kichwa chake tumboni mwangu siku ile sijausahau.

Nilijaribu kulipia kwa siri. Nilichanganya juisi na maji. Nilipunguza sukari kwenye chai, kijiko kimoja kila wiki, ili ulimi usishtuke. Niliacha vijiko vya majina, na akisema ameshiba naondoa sahani. Asubuhi tulipita njia ndefu ya mikorosho kwenda shule, tukishindana kupiga teke mabibo yaliyoanguka, na jioni nilimtuma kuchota maji kwa kindoo kidogo, ambacho alikipenda kwa sababu kilikuwa kama kazi ya wakubwa. Msimu wa korosho ulipofikia kati alikuwa akikimbia mpaka bombani na kurudi bila kushika magoti. Alianza kula papai. Siku moja alinitazama akasema, "Mamdogo, leo sikukoroma, eti?" Sijui alijuaje. Ile miezi miwili ndiyo ninayoirudia zaidi kichwani, kwa sababu inanionyesha kuwa jambo lenyewe halikuwa gumu. Kulihitajika maji, miguu, na mtu wa kukubali neno "nimeshiba".

Kisha Shemeji akarudi safari, akamwinua mwanawe, akasema kwa utani, "Mbona kawa mwepesi? Mnamfungisha?" Ilikuwa mzaha. Dada hakucheka. Alimshika Nasri mashavu, akamgeuza huku na huku, akaingia chumbani, na nilisikia kufuli la sanduku. Alitoka ameshika kadi ya Hamisi. Hakunigombeza. Aliiweka juu ya meza, karibu na sahani, akaketi mbele yangu. "Esha, kuna kitu hunielezi?" Ulikuwa ni mlango mwingine, umefunguliwa wazi kabisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua. Nikatazama ile mistari iliyoshuka. "Hakuna, Dada. Anacheza sana tu." "Basi asicheze sana," akasema. Jioni hiyo nilichukua kijiko. Hiki cha mama. Hiki cha baba. Nasri alinitazama kama mtu aliyeamshwa, kisha akafungua mdomo.

Mwaka ulipoisha Dada alitimiza ahadi yake. Alinilipia mafunzo kwa fundi mmoja Mikindani, na siku niliyomaliza akaninunulia cherehani ya miguu, ndiyo hii ninayoshonea mpaka sasa. Wao wakahamia Dar es Salaam kwa kazi ya Shemeji, na kwa miaka saba nilimsikia Nasri kwenye simu tu, sauti ikizidi kuwa nzito. Nilikuwa nikiuliza, "Hajambo?" Dada anajibu, "Hajambo, anakula." Mwaka jana akaniambia mtoto anakunywa maji ndoo nzima, anakojoa kila saa, amezimia shuleni, na hospitali wamesema sukari. Nilikuwa nimekaa kwenye hii hii cherehani. Nilisema pole. Sikusema kitu kingine.

Siku iliyofuata arobaini, kabla hawajasafiri, Nasri alikuja asubuhi barazani kwangu, hapo hapo Nanyamba, na kitambaa cheupe. "Mamdogo, nishonee shati la shule. Kola iwe ndefu. Ndefu kabisa, ifike hapa," akagusa chini ya masikio. Nikamuuliza kwa nini. "Wananiita Mkaa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja namba ya kiatu. Akafungua vifungo viwili na kunigeuzia mgongo. Ule weusi ulikuwa umepanuka, umeshuka mpaka mabegani. Nikazungusha futi shingoni mwake, na vidole vyangu vikagusa ile ngozi ngumu, na akasisimka kidogo. "Unakumbuka jiwe?" akaniuliza. "Nilikuchukia wiki nzima. Halafu ukaja na mafuta nikakusamehe."

Labda ni kwa sababu alikuwa amenipa mgongo. Nikamwambia yote, futi bado iko mkononi: foleni ya dawa, varanda, bado ni mapema, amlete kituoni. Nikamwambia nilivyosema mafuta. Hakugeuka.

"Kwa hiyo nesi alijua."

"Alijua."

"Na wewe ukajua."

"Na mimi nikajua."

"Nikiwa darasa la kwanza."

"Ndiyo, baba."

Alifunga vifungo vyake, kimoja baada ya kingine, mpaka kile cha juu. "Mama halali," akasema. "Kila siku anauliza alikosea wapi. Anakaa na kadi zake mbili, anazipanga kitandani. Anadhani Mungu tu ndiye aliyekuwa anajua." Kisha akanigeukia. Sikuona hasira usoni mwake, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. "Mimi simwambii, Mamdogo. Hayo si maneno yangu kuyasema."

Dada Somoe alikuwa kwa bibi, nyuma ya jiko, amechuchumaa, akisugua kwa mchanga masufuria ya shughuli. Nilikwenda na futi yangu shingoni, bila viatu, nikisema sentensi ile kwa mkorosho wa kwanza na wa pili kama zamani. Nilisimama mbele yake mpaka kivuli changu kikafunika sufuria.

"Dada, yule nesi alisema umpeleke Nasri kituoni."

Aliendelea kusugua kidogo, kisha mkono ukasimama.

"Nesi gani?"